Kuhamisha na kupogolea mndimu wa kwenye chombo: mwongozo kamili kwa tunaolima juu ya mawe ya Mwanza

Huku kwetu mlimani ukipiga jembe mara mbili, la tatu linagonga jiwe. Nyumba zimekaa juu ya miamba, ngazi zinapita katikati ya miamba, na udongo uliopo ni ule uliokwama kwenye nyufa. Mtu anayetaka ndimu ya kukamulia sato wake bila kushuka sokoni anapanda mti kwenye ndoo, diaba au nusu pipa. Mwaka wa kwanza mti unapendeza. Wa pili unazaa. Wa tatu unadumaa: majani mapya yanatoka madogo, matunda yanadondoka yakiwa saizi ya goroli, maji uliyomwagia asubuhi yanapita moja kwa moja na kutokea chini, na ikifika saa nane mchana majani yamejikunja. Hapo wengi huongeza samadi juu. Haisaidii kitu, kwa sababu ndani ya ndoo udongo umekwisha, imebaki mizizi mitupu iliyojisokota.

Dawa yake ni kuutoa mti, kuukata mizizi, kupunguza matawi na kuurudisha kwenye udongo mpya. Mizizi kwanza, matawi baadaye, maana mizizi ndiyo itakayokuambia matawi yapungue kiasi gani. Watu wengi hufanya kinyume. Wanapogolea sana juu kwa kuwa mkasi hauogopeshi, kisha wanahamisha bonge la mizizi kama lilivyo, kwa kuwa kisu kwenye mzizi kinatia hofu.

Nilifanya hivyohivyo na mndimu wangu wa kwanza, na ulikufa. Niliutoa kwenye ndoo ya lita 10 nikauweka kwenye nusu pipa bila kugusa mzizi hata mmoja, nikajaza udongo mweusi niliouona una rutuba. Masika ilipoisha mti ulikuwa umenyauka na udongo bado umelowa chapachapa. Nilipoung'oa, ulitoka na umbo la ndoo yake ya zamani, hadi mistari ya pembeni ya ndoo ilikuwa imechorwa kwenye bonge. Mwaka mzima ulikuwa umekaa ndani ya pipa kubwa na haukuwa umetoka nje ya ndoo ya kwanza. Mzizi mmoja mnene kama kidole gumba ulikuwa umezunguka kitako cha shina kama kamba shingoni mwa ng'ombe, na pale ulipopita gome lilikuwa limebonyea. Tangu siku hiyo sijahamisha mti bila kisu mkononi.

Lini ufanye

Kwa Mwanza kuna nafasi mbili kwa mwaka. Iliyo bora ni kuanzia katikati ya Septemba hadi wiki ya kwanza ya Oktoba, kabla mvua za vuli hazijakolea. Ya pili ni mwishoni mwa Februari hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Unataka vidonda vya mizizi vipone wakati hewa inapata unyevu na mawingu yanaanza kurudi. Kuanzia Juni hadi Agosti usiguse mti: ni kiangazi, hewa kavu, na mti uliokatwa mizizi hauwezi kunywa haraka kama unavyopoteza maji. Katikati ya masika nako si wakati wake, udongo unalowa siku mfululizo na mzizi wenye kidonda unaoza.

Kuna jambo moja la kuangalia. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini mwishoni mwa Septemba, na tena katikati ya Machi. Yaani siku zilezile tunazohamisha miti ndizo jua linashuka wima kama kamba ya ndoo kisimani. Gome lililozoea kufunikwa na majani likianikwa ghafla linaungua na kupasuka. Ndiyo sababu kivuli na chokaa, nitakavyoeleza mbele, si urembo.

Mti wenyewe pia una saa yake. Muda mzuri ni pale vichomozo vidogo vya kijani vinapoanza kuvimba kwenye makwapa ya majani lakini bado havijafunguka. Ukiukuta umejaa maua, ama usubiri wiki sita hadi nane, ama ukubali kuyapoteza maua hayo. Na kama shida ni moja tu, kwa mfano majani yana manjano lakini maji yanakaa vizuri na mizizi haijatokeza chini, pengine unahitaji mbolea tu. Dalili ya uhakika ni hii: ingiza kijiti kwenye udongo wa juu. Kikizama sentimita mbili kikagota kwenye wavu wa mizizi, wakati umefika. Kwa ndimu, hilo hutokea kila miaka miwili au mitatu.

Chombo

Ongeza kidogo. Mti uliokuwa kwenye lita 20 upeleke lita 40 hadi 60, usiupeleke 200. Udongo mwingi usio na mizizi ndani yake hakuna wa kuunywa, unabaki na maji na kuchacha. Ukishafika kwenye chombo cha lita 60 au 80, usiongeze tena. Kuanzia hapo mti unarudi kwenye chombo chake kilekile kila unapoukata mizizi, na unaweza kuishi hivyo miaka mingi sana.

Ukinunua pipa la plastiki lililotumika, uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au juisi linafaa, lioshe kwa sabuni na maji ya moto. Lenye harufu ya dawa au rangi achana nalo hata wakikuuzia kwa bei ya kutupa. Pipa la rangi nyeusi au bluu iliyokolea lipake rangi nyeupe kwa nje, maana mizizi iliyogusana na ukuta wenye joto inaungua upande wa magharibi bila wewe kujua.

Matundu: kwa chombo cha lita 60 toboa manane, kila moja liingie kidole. Msumari mnene uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa unafanya kazi hiyo vizuri. Matano yawe chini, matatu yawe ubavuni pale ukuta unapokutana na kitako, kwa sababu chombo kikikaa juu ya jiwe bapa matundu ya chini hujiziba. Kisha kikalishe juu ya vipande vitatu vya tofali. Mwamba wetu unameza joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, na chombo kilichokaa juu yake bila nafasi ya hewa kinakuwa kama sufuria juu ya jiko.

Naomba tuache desturi ya kujaza kokoto chini eti maji yatoke vizuri. Jaribu hili jikoni. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ilowanishe, ishike ikiwa imelala bapa mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe wima bila kuikamua. Itadondosha tena. Maji hukaa kwenye kimo fulani cha chini cha kitu chenye vitundu vidogo, na hayashuki mpaka kimo hicho kijae. Udongo uko vivyo hivyo. Ukiweka kokoto sentimita 10 chini, maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake ulowe kabisa, kwa hiyo umelipandisha tope karibu zaidi na mizizi na kupunguza nafasi ya udongo. Weka kipande cha neti ya dirishani juu ya matundu ili udongo usitoke, basi. Na sponji hiyohiyo inakuonyesha kwa nini ndoo ndefu ni bora kuliko diaba pana lenye kina kifupi.

Udongo

Wasukuma wana majina mengi ya udongo kuliko sisi wengine, na majina hayo yanasaidia. Luseni ni ule wa kichangachanga unaopatikana karibu na miamba. Unapitisha maji vizuri lakini hauna chakula kingi. Mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaovimba ukilowa na kupasuka mipasuko ukikauka. Una chakula, lakini ndani ya chombo unajifunga kama saruji. Huo ndio ulioniulia mti. Kwa chombo, msingi uwe luseni, na mbuga usiutumie kabisa.

Mchanganyiko ninaoutumia ni ndoo tatu za luseni au udongo wa juu usio wa mfinyanzi, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza, na ndoo moja ya chenga za mkaa zenye ukubwa wa punje ya mahindi au pumba za mpunga zilizochomwa nusu hadi zikawa nyeusi, si jivu. Samadi iwe imekaa angalau miezi sita: ukiishika haina joto, haina harufu ya zizi, na huwezi kutambua tena majani ndani yake. Chenga za mkaa zichekeche kwanza kuondoa vumbi. Jivu linapandisha chokaa ya udongo, na jamii ya machungwa inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiona majani machanga yana rangi ya njano na mishipa yake imebaki kijani, mara nyingi udongo umepanda chokaa na mti unashindwa kufyonza chuma.

Changanya juu ya turubai, nyunyiza maji, kisha kamata konzi moja uifinye. Ukifungua mkono linapaswa kuwa bonge, na ukiligusa kwa kidole libomoke. Lisiposhikana kabisa ongeza samadi. Likibaki bonge hata baada ya kuguswa ongeza chenga.

Mtu anayekaa kandokando ya ziwa atashawishika kuweka mabaki ya samaki. Utumbo na mifupa ya sangara ni mbolea nzuri, lakini ivunde kwenye shimo la mboji kwanza. Ndani ya chombo kilichofungwa vinachacha kwenye mizizi, vinaita nzi na siafu, na paka wa mtaa mzima watafukua usiku. Mti uliokatwa mizizi jana hauwezi kustahimili kufukuliwa leo.

Vifaa

Mkasi wa kupogolea wenye makali, msumeno mdogo, kisu kirefu chenye meno kama cha kukatia mkate, kijiti butu, ndoo ya maji, gunia lililoloweshwa, na kipande cha kanga kuukuu. Vyuma vyote vitumbukize kwa dakika chache kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, kisha suuza na ufute kwa mafuta visishike kutu. Rudia unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Wengi tunatumia spiriti, nayo inaua bakteria na ukungu, lakini jamii ya machungwa ina magonjwa yanayosafiri kwenye makali ya kisu na spiriti hayaiogopi.

Siku yenyewe: mizizi

Mwagilia vizuri jioni iliyotangulia. Anza kazi kuanzia saa kumi alasiri jua likiwa limelegea, au siku ya mawingu. Chombo kipya kiweke mahali kitakapokaa kabla hujakijaza. Lita 60 za udongo uliolowa zinakaribia kilo 80 au 90, na hakuna atakayezipandisha ngazi za mawe tena.

Laza ndoo ya zamani ubavu juu ya turubai, igongegonge pande zote, pitisha kisu ukutani kuzunguka, kisha vuta kwa kushika kitako cha shina. Usivute matawi. Ikigoma, pasua ndoo. Ndoo inanunulika.

Sasa chuchumaa uangalie. Hapa ndipo usiwe na haraka. Mizizi hai ni myeupe au rangi ya krimu kwenye ncha, inakatika kwa mlio mdogo kama mchicha mbichi, na inanuka udongo baada ya mvua. Mzizi uliooza ni mweusi au kahawia iliyolowa. Ushike kwa vidole viwili na uvute taratibu: ganda linavuka lote kama soksi na kukuachia uzi mwembamba katikati. Kila unaovuka hivyo ondoa mpaka ufike kwenye nyama nyeupe, hata kama ni mnene.

Mwaka jana kijana aliyeniletea udongo kwa mkokoteni alisimama akanitazama nikiwa na msumeno juu ya bonge la mizizi. Akasema, "Mama, ukiikata hivyo mti si utakufa?" Nikamwambia, "Njoo ushike hapa mwanangu, bonyeza." Akabonyeza ubavu wa bonge, kidole hakikuingia. Ilikuwa mizizi juu ya mizizi, ngumu kama mkeka. "Udongo uko wapi?" nikamuuliza. Akageuza bonge zima akitafuta, hakuuona.

Unakata hivi. Kwanza kitako: lile tabaka la chini lililosokotana, likate lote kwa msumeno, sentimita tatu hadi tano. Kisha ubavu: zunguka ukichonga kama unayemenya nanasi, sentimita mbili na nusu hadi nne, mpaka uone udongo na ncha za mizizi zilizokatwa zikitazama nje. Halafu piga mikato minne ya wima kuzunguka bonge, kina cha sentimita mbili, ili mzizi wowote uliobaki ukizunguka ukatike. Mwisho, kwa kijiti, legeza udongo wa juu mpaka uone mizizi mikubwa ya kwanza inapotoka kwenye shina. Tafuta ule unaozunguka shina. Ukiuona, ukate pande zote mbili na uutoe, hata ukiwa ndio mnene kuliko yote. Ukiuacha, shina litanenepa, mzizi nao utanenepa, na siku moja vitabanana.

Jumla ya yote uliyoondoa isizidi theluthi moja ya bonge. Ikiwa kuoza kumekulazimisha kuzidisha hapo, kumbuka kiasi hicho, maana unakwenda kukilipa kwenye matawi. Funika mizizi kwa gunia lililolowa mara moja. Vinyweleo vya mizizi vinakufa kwa dakika chache tu juani.

Matawi

Ndimu haidondoshi majani yote kwa msimu kama miti ya nchi za baridi. Chakula chake kingi kimehifadhiwa kwenye majani yenyewe, kwa hiyo kila jani unalolitoa ni akiba imetoka. Kwa mizizi iliyopungua robo, punguza robo ya majani. Kwa theluthi, karibu theluthi. Usipite hapo, isipokuwa kuoza kumekulazimisha kukata mizizi zaidi.

Anza na ambayo hayana mjadala: vijiti vilivyokufa, na maotea yote yanayotoka chini ya pale mche ulipobebeshwa, yaani ulipounganishwa na shina la mti mwingine. Utapatambua kwa uvimbe au kipindo kidogo kwenye shina, kwa kawaida shubiri moja au zaidi kutoka kwenye udongo. Maotea ya chini ni ya mti-shina, mara nyingi ndimu au limao la porini, yana miiba mirefu na yanakua mbio. Ukiyaacha, ndiyo yatakayokuwa mti wako baada ya miaka miwili, na matunda yake hutayapenda. Yakiwa machanga yanyofoe kwa mkono yatoke na kitako chake, kwani ukiyakata kwa mkasi yanarudi mawili.

Kisha tafuta vijiti vinene vinavyopanda wima kutoka katikati ya mti, vyenye majani makubwa na pembe tatu ukivishika kwa vidole. Hivyo vinakula sana na vinachelewa kuzaa. Viondoe, isipokuwa kimoja kama kuna pengo kinaloweza kulijaza, na hicho kipunguze nusu. Halafu matawi yanayosuguana: kati ya mawili, libaki lile linalotazama nje.

Baada ya hapo rudi nyuma hatua tano uutazame. Ukiona mwanga unapita katikati lakini jua halipigi shina moja kwa moja, acha. Watu wanaupenda mti uliosafishwa katikati kama mwavuli. Kwa jua letu huo ni ukatili. Ndimu huzaa kwenye ncha za matawi mapya, hata yale ya chini yanayokaribia kugusa ukingo wa chombo, kwa hiyo pia usiukate mti wote kwa usawa juu kama ua wa michongoma.

Kila mkato una mahali pake. Unapofupisha, kata nusu sentimita juu ya chipukizi linalotazama nje, kwa mshazari. Unapoondoa tawi zima, tazama lilipoungana na lenzake, utaona mkunjo mdogo kama shingo ya shati. Kata nje ya mkunjo huo. Ukiukata mkunjo wenyewe kidonda hakifungi. Ukiacha kisiki kinaoza kuelekea ndani. Tawi nene kuliko kidole gumba likate kwanza kwa chini kidogo, halafu kwa juu mbele yake, ili lisidondoke na kuchuna gome la shina. Ndipo umalizie kisiki. Vidonda viache wazi. Rangi ya mafuta na lami zinafungia unyevu ndani.

Matunda machanga yaliyopo yatoe yote. Najua inauma. Mti unaojenga mizizi na matunda kwa wakati mmoja unashindwa vyote viwili.

Kuupanda tena

Weka udongo chini ya chombo, ushindilie kidogo kwa ngumi, ukalishe mti na upime: sehemu ya juu ya bonge iwe sentimita tano chini ya ukingo, ili maji yapate pa kukaa. Pale ulipobebeshwa pawe juu ya udongo, pakavu, daima. Udongo ukipafikia, gome linaoza na kutoa gundi.

Jaza pembeni kidogo kidogo, ukisukumasukuma kwa kijiti butu ili udongo uingie kati ya mizizi. Usikanyage. Mwagia maji taratibu mpaka yatoke chini, subiri udongo ushuke, ongeza pale palipobonyea, mwagia tena. Kama mti unatikisika, chomeka vigingi viwili nje ya bonge na uufunge kwa kitambaa laini kwa umbo la nane. Upepo wa ziwani ukitikisa shina kila siku, mizizi midogo inayoanza kushika inakatika.

Shina na matawi makubwa yaliyobaki wazi yapake chokaa ya ukutani iliyokorogwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Funga kanga kuukuu au neti ya kivuli upande wa magharibi na juu, iache hewa ipite. Juu ya udongo tandaza matandazo sentimita tano, yasiguse shina. Mimi natumia magugumaji kutoka ufukweni, yaliyokaushwa juu ya mwamba mpaka yakavunjika ukiyakunja. Yakiwa na unyevu bado yana uhai. Usiyachukue karibu na mfereji wa maji machafu.

Wiki nane zinazofuata

Kosa la huruma ndilo linaloua miti mingi hapa: kumwagia kila siku. Mti uliokatwa mizizi unakunywa kidogo kuliko zamani. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kukiwa na unyevu, acha. Kukiwa kukavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie mpaka kidole kikuambie. Siku za mgao wa maji usitumie yaliyofulia nguo, chumvi ya sabuni inajilimbikiza kwenye chombo.

Majani yakilegea mchana na kuamka jioni, mti uko sawa. Nyunyizia majani maji asubuhi na uuache. Yakiwa yamelegea alfajiri huku udongo umelowa, mizizi haipumui: ondoa matandazo, inua chombo uangalie matundu, usimwagie. Yakidondoka mengi, kwangua gome la kijiti kwa ukucha. Kijani chini yake maana yake bado kuna uhai, subiri. Nimesubiri wiki saba mti mmoja uliobaki na majani kumi na moja.

Kivuli ondoa baada ya wiki mbili, kwa awamu: jua la asubuhi kwanza, la mchana wiki inayofuata. Mbolea usiweke mpaka majani mapya yatoke na kukomaa rangi, kama wiki ya sita. Hapo weka kijiko kimoja cha chakula cha NPK 17-17-17 kando ya ukingo kwa chombo cha lita 60, juu ya udongo uliolowa, na urudie kila miezi miwili.

Majani hayo mapya yatakuwa na wageni. Utaona kitu kama kinyesi cha ndege kwenye jani, ukikigusa kinatoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo ni kiwavi wa kipepeo wa michungwa, baadaye anageuka kijani na anaweza kumaliza chipukizi zima usiku mmoja. Mtoe kwa mkono. Vidukari waoshe kwa maji ya sabuni na uzibe njia ya sisimizi wanaowachunga. Michirizi ya fedha ndani ya majani machanga ni ya funza mdogo, usiyakate majani hayo, bado yanafanya kazi.

Miti mingine, na chombo kisichoinulika

Mchungwa, mchenza na mlimao vifuate mwongozo huu kama ulivyo. Mpera na mkomamanga vinavumilia kukatwa zaidi, juu na chini. Parachichi ni kinyume: mizizi yake ni laini na inachukia kuguswa, kwa hiyo uhamishe ukiwa mdogo na ulegeze tu zile zinazozunguka.

Ukiwa na pipa zito usiloweza kulaza, usikate tamaa. Mwezi huohuo wa Septemba, chukua msumeno mrefu na ukate vipande viwili vya udongo na mizizi vinavyotazamana, kama vipande viwili vya keki, kuanzia ukingoni hadi robo tatu ya njia kuelekea shinani, kwenda chini kabisa. Vitoe kwa chepe dogo, jaza udongo mpya, shindilia kwa kijiti, mwagia. Punguza matawi kwa kiasi hichohicho, na pande mbili zilizobaki uzikate Septemba ya mwaka unaofuata. Weka alama kwa rangi kwenye ukingo wa pipa ujue ulikata wapi.